Tozo Mnakata, Mahesabu Mtasoma Lini?



Mimi ni wakala wa pesa za simu. Kibanda changu kiko hapa Mkuu, Rombo, pembeni ya lami inayotoka Marangu kwenda Tarakea. Nina mwavuli, meza, daftari na simu za mitandao tofauti. Ofisi ndiyo hiyo. Zamani kazi yangu ilikuwa kuweka hela na kutoa hela. Kuanzia Julai 15, 2021, kazi yangu kubwa ikawa kuwaeleza watu hela yao imekwenda wapi, na mara nyingi nikala matusi ambayo siyo yangu.

Siku moja mwaka huo alikuja bibi mmoja kutoka Shimbi. Alishuka kwenye bodaboda na mkoba wake, na kasimu kake ka kitochi kamefungwa rababendi ili betri isidondoke.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Hebu angalia kama mjomba wako wa Kariakoo ametuma."

Alikuwa ametuma. Elfu hamsini. Humo kuna dawa za presha na hela ya kijana anayemkatia ng'ombe majani. Bibi akasema toa yote. Nikamwambia yote haitoki, lazima ibaki ya makato. Nikamsomea meseji pole pole: ada ya mtandao kiasi hiki, tozo ya serikali kiasi hiki.

"Hiyo ada ni ya nani?"

"Ya kampuni, bibi. Na mimi napata kidogo humo humo."

"Haya, wewe umekaa juani, kula. Na hiyo tozo?"

"Ya serikali."

"Kwani serikali ndiyo imenitumia hela?"

"Hapana, ametuma mjomba."

"Na yeye huko amekatwa?"

"Amekatwa wakati anatuma."

"Halafu na mimi nakatwa wakati natoa. Ya nini?"

"Ya maendeleo, bibi. Vituo vya afya, madarasa, barabara."

Akanyamaza kidogo. Halafu akaniuliza swali ambalo limenifanya niandike haya:

"Kodi ya maendeleo si ilifutwa wakati wa marehemu Mramba? Na ile ya zamani babu yako akilipa alikuwa anapewa risiti. Hii ya kwenu, risiti iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikamhesabia hela yake, akaifunga kwenye kitenge, akaondoka. Makamanda, tangu siku hiyo swali la yule bibi halijanitoka kichwani. Naomba tuliangalie vizuri, kwa sababu naona hata sisi wapinzani hatujaliuliza sawasawa.

KWANZA TUKUMBUSHANE

Kwa ambao hawajaishi hii kitu kila siku kama mimi: Bunge lilipitisha Sheria ya Fedha mwezi Juni. Humo wakaweka tozo ya kila muamala wa kutuma na kutoa hela kwa simu, kuanzia shilingi 10 mpaka shilingi 10,000 kulingana na kiasi. Wakaibatiza jina zuri, mshikamano, uzalendo. Ikaanza Julai 15. Nchi ikalia. Watu wakaandika mitandaoni, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kikaenda mahakamani, na mwisho wa Agosti serikali ikatangaza kupunguza kwa asilimia 30. Kuanzia Septemba 7 mwaka huo tukawa tunakatwa hicho kilichopunguzwa.

Mwezi wa nane serikali hiyo hiyo ikatangaza kwamba ndani ya wiki nne tu imekusanya zaidi ya shilingi bilioni 48, na kwamba sehemu yake imeenda kujenga vituo vya afya 90. Zingatia hizo namba, nitazirudia.

Na siyo simu peke yake. Kuanzia Agosti 20, 2021 kodi ya jengo nayo ikaanza kukatwa kwenye LUKU, wakati huo shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mdogo wangu amepanga chumba kule Majengo, Moshi. Ananunua umeme wa kuchaji simu na kupiga pasi, anakatwa kodi ya jengo. Jengo siyo lake. Hata mlango wake hawezi kuupaka rangi bila kumuuliza mwenye nyumba.

Kwa hiyo simu inakukata na mita ya umeme inakukata. Hakuna mgambo aliyepita nyumbani kwako, hakuna mtu aliyegonga mlango. Umeamka, umekatwa.

RISITI YA BABU

Wengi wenu mnaosoma hapa kodi ya maendeleo hamkuiona kwa macho. Na mimi nilikuwa mtoto. Ilikuwa kodi ya kichwa iliyobadilishwa jina. Mwanaume mzima alitakiwa kuilipa kila mwaka, na mwenye kuikusanya alikuwa halmashauri. Baba anatusimulia mpaka leo jinsi msimu wa kodi ulivyokuwa: mgambo wanajipanga njia ya sokoni, usipokuwa na risiti unakamatwa na ndizi zako. Vijana walikuwa wanalala kwenye migomba. Kuna mzee mmoja wa kwetu alijificha kihambani siku mbili analetewa chakula na watoto, na hadithi hiyo anachekewa nayo kila Krismasi.

Ilikuwa kodi mbaya. Iliwadhalilisha wazazi wetu. Ikafutwa mwaka 2003, na Waziri wa Fedha wakati huo alikuwa Basil Mramba, mbunge wa hapa hapa Rombo, mzee aliyetutoka Agosti 2021. Mungu amlaze pema.

Lakini yule bibi yuko sahihi kwenye jambo moja. Kodi ile, pamoja na ubaya wake wote, ilikuwa na sura. Ulimjua anayekuja kukudai. Ulijua ofisi yake. Alikupa karatasi, na baba yangu karatasi zake bado anazo kwenye kopo la chai, pamoja na cheti cha ubatizo. Kama barabara haijachongwa, ulijua umfuate nani na karatasi yako mkononi. Na kama ulichoka kabisa, ulikuwa na kura.

Rombo tunaijua hiyo habari. Mwaka 2010 huyo huyo Mramba, mtu mzito, aliyekuwa waziri miaka na miaka, wananchi wa jimbo hili walimweka pembeni kwa kura wakamchagua Joseph Selasini wa CHADEMA. Hawakurusha jiwe. Walipanga foleni, wakapiga kura, zikahesabiwa, zikatangazwa. Maisha yakaendelea. Unaweza kumpenda Mramba au usimpende, lakini siku ile mwenye nchi alionekana ni nani.

Sasa niambieni: leo nikitaka kumwajibisha aliyekata hela ya bibi wa Shimbi, namfuata nani? Kampuni ya simu itaniambia sisi tunakusanya tu. Mwenyekiti wa kijiji ataniambia hiyo ni ya juu. Mbunge ataniambia ni sheria. Na meseji ina mstari mmoja, "tozo ya serikali", basi. Hiyo meseji inathibitisha kwamba nimekatwa. Haithibitishi kwamba hela imefanya kazi. Bibi aliniuliza ile ya pili.

MFONGO TUNAUJUA

Sisi watu wa mlimani siyo wageni wa kuchangia. Wanaotuambia hatuna uzalendo waje tuwaeleze mfongo.

Mababu zetu walichimba mifereji kutoka juu kwenye korongo mpaka kwenye vihamba, kwa majembe na mikono. Upande wetu wa Rombo ni mkavu kuliko Machame na Kibosho, kwa hiyo maji hapa yana heshima yake. Utaratibu ulikuwa rahisi. Mfongo ukibomoka, watu wanaitwa, wote mnatoka kuzibua. Usipotoka unatozwa, pombe au mbuzi. Ukitoka, unapata zamu yako ya maji. Na zamu zinajulikana: leo fulani, kesho fulani. Mzee wa mfongo akigeuza maji usiku yakaenda kwa shemeji yake, asubuhi kijiji kizima kinajua, kwa sababu migomba ya shemeji imelowa na yako imekauka.

Hiyo ndiyo kodi tunayoielewa. Unatoa, unaona, unauliza. Hakuna aliyekuwa anaambiwa "wewe zibua tu, habari za maji waachie wakubwa."

Na wenzetu hao hao mwaka 1933 walikuwa na KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Wakulima waliokuwa wanavaa kaptula za viraka wanajua kahawa yao ilipimwa kilo ngapi na wanadai malipo ya pili. Sasa mtu anakuja mwaka 2021, na kompyuta, na mkongo wa taifa, anatuambia kuonyeshana mahesabu ni jambo gumu?

SIMU INANIJUA WAKATI WA KUKATWA TU

Hapa ndipo panaponiuma zaidi, kwa sababu mimi nakula kupitia hii teknolojia na siichukii hata kidogo. Hela kwenye simu imemkomboa mama wa kijijini. Zamani mtu wa Dar alimpa dereva wa basi bahasha, na bahasha ikawa inafika imepungua au haifiki. Simu ilimaliza hiyo. Sasa hivi, nawaambia ukweli kutoka mezani kwangu, bahasha zimeanza kurudi. Wateja wangu wawili wazuri wameniambia kabisa watoto wao sasa wanatuma kwa konda. Tumerudi nyuma kwa sababu ya tozo.

Lakini angalieni uwezo ambao serikali imeonyesha. Mwaka 2019 mpaka Januari 20, 2020 tuliambiwa kila laini isajiliwe kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Tulipanga foleni tangu alfajiri, wazee wenye vidole vilivyosuguliwa na jembe mpaka mashine haisomi. Tukasajiliwa. Kwa hiyo serikali inajua laini hii ni ya nani na jina lake la tatu ni nani. Inaweza kumfikia bibi wa Shimbi kwenye kasimu ka kitochi kenye rababendi na kumkata ndani ya sekunde mbili.

Sawa. Huyo bibi mnayeweza kumkata kwa sekunde mbili, mnashindwa nini kumtumia meseji moja kila miezi mitatu: "Kata yako imepokea kiasi hiki, kimefanya kazi hii"? Meseji za kampeni mnajua kutuma. Meseji za sensa na chanjo mnajua kutuma.

Na simu hiyo hiyo ikigeuka kuwa mdomo wa mwananchi, ghafla inakuwa hatari. Oktoba 2020, siku ya uchaguzi, Twitter haikufunguka mpaka utafute VPN. Nyinyi mnakumbuka, wengi ndiyo siku mlijifunza VPN ni nini. Kabla ya hapo, mwaka 2018, zilikuja kanuni za maudhui ya mtandaoni, mtu anayetaka kuandika blogu akatakiwa kulipia leseni zaidi ya shilingi milioni 2. Jamii Forums ikazima mitambo Juni mwaka huo. Yaani kulipa kwa simu tunaruhusiwa, tena kwa lazima. Kuuliza kwa simu tunahitaji leseni.

Ndiyo maana nasema tozo siyo ishu ya elfu moja au elfu mbili. Serikali imejifunza kutufikia bila sisi kuweza kuifikia.

WATAKUJA NA HOJA ZAO

Nawajua. Tuzijibu moja moja.

"Nchi haijengwi bila kodi." Kweli kabisa. Kijana yeyote wa chama chetu anayesema tusilipe kodi arudi darasani. Shule, dawa, maji, vyote ni kodi. Na Katiba, hii hii tunayoipigania ibadilishwe, ibara ya 138 inasema hakuna kodi ya aina yoyote itakayotozwa ila kwa sheria iliyotungwa na Bunge. Maana yake unakatwa kwa sababu wawakilishi wako wamekubali kwa niaba yako. Sasa angalia Bunge lililopitisha tozo ile. Wapinzani waliochaguliwa majimboni uliwahesabu kwa vidole na vidole vikabaki. Ni nani alisimama kusema kwa niaba ya bibi?

"Hata majirani wanatoza." Haya, twende kwa majirani. Kenya hapo Holili unaiona kwa macho. Wao wanatoza ushuru kwenye ada ya kampuni: kampuni ikikutoza shilingi kumi, serikali inachukua sehemu ya hiyo kumi. Hawakuweka ngazi juu ya hela yenyewe uliyotumiwa na mtoto wako. Uganda mwaka 2018 waliweka asilimia moja kwenye pesa za simu pamoja na kodi ya kutumia mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku. Waganda wakaingia barabarani, Bobi Wine akiwa mbele, na mwaka huo huo ikashushwa kuwa nusu asilimia, kwenye kutoa tu. Kwa hiyo majirani hawafundishi kwamba tozo haiepukiki. Wanafundisha kwamba wananchi wakibana, serikali inasikia.

"Si mmepunguziwa asilimia 30?" Mtu akichukua mbuzi wako kumi bila kukuuliza, kisha akarudisha watatu, unamshukuru? Unamuuliza saba wako wapi. Halafu kupunguza kwenyewe kunatuambia kitu: kwamba pale mwanzo hawakuwa wamepima. Walikata kwanza, wakasikiliza kilio, ndiyo wakapima.

"Vituo vya afya vinajengwa." Safi! Mimi navitaka kuliko wao. Ukiumwa usiku kule juu msituni karibu na hifadhi, unashushwa kwa pikipiki katikati ya watu wawili, mmoja anaendesha, mmoja anakushikilia. Basi kama ni vituo 90, mnajua majina yake. Yabandikeni. Kituo gani, kata gani, kimepewa shilingi ngapi, fundi ni nani, kimefika wapi, lenta au bati? Kama kazi imefanyika, orodha itawasifu wenyewe. Mtu mwenye mahesabu safi hafichi daftari. Mimi hapa kibandani nisipoonyesha daftari siku moja tu, mwenye mtaji ananinyang'anya simu jioni.

SASA TUJISEME NA SISI

Mpaka hapa mmepiga makofi. Subirini.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ile ya mamlaka za wilaya, inasema mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefika miaka 18, na unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo mapato na matumizi yanasomwa. Haihitaji kadi ya chama wala shahada. Ukiwa na miaka 18 na unaishi hapo, wewe ni mjumbe.

Mwezi wa saba kijiji chetu kiliitisha mkutano, wa kwanza kwa muda mrefu. Nilifunga kibanda nikaenda. Ajenda zikaanza: usafi, ulinzi, mchango wa dawati. Nikanyoosha mkono nikaomba taarifa ya mapato na matumizi ya nusu mwaka. Nikajibiwa mbele ya watu, "Kijana, mambo ya siasa peleka kwenye chama chako." Watu wakacheka. Mkutano ukaendelea, ukafungwa kwa sala.

Nilikasirika. Lakini nilipogeuka nyuma nione nani wa kuniunga mkono, vijana tulikuwa watatu. Watatu, makamanda! Na mmoja alikuwa amekuja kusubiri mama yake. Grupu letu la WhatsApp la vijana wa hapa lina watu zaidi ya mia mbili. Siku hiyo jioni nilipoandika yaliyotokea nilipata vidole gumba, ngumi na moto. Emoji za kutosha kuchoma nchi. Mtu aliyeuliza "mkutano ujao lini nije?" hakuwepo hata mmoja.

Najua utaniambia nini. Utasema yule mwenyekiti wa kijiji hatukumchagua. Kweli. Novemba 2019 wagombea wetu walienguliwa kwa maelfu, huyu kakosea jina la baba, huyu fomu haina muhuri, ofisi nyingine zikafungwa kabisa siku ya kurudisha fomu. Chama kikajitoa, na CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99. Wengi wakapita bila kupingwa. Mtu ambaye hakuombwa kura haoni sababu ya kutoa taarifa. Ndiyo mzizi wa tatizo, nakubali.

Lakini kujitoa kwenye uchaguzi ulikuwa uamuzi wa chama. Kujitoa kwenye mkutano wa kijiji aliuamua nani? Hakuna kikao chochote kilichotuambia tuache kudai mahesabu ya hela yetu. Tumejitoa wenyewe kwa uvivu, tukaupa jina la mgomo. Na wale jamaa wanafurahi sana. Wanapenda kijana anayemtukana waziri Twitter akiwa kitandani kuliko kijana anayesimama mbele ya wazazi wake kijijini na kuuliza kwa adabu, "Mwenyekiti, zile laki nne za mchango wa dawati zimenunua dawati ngapi?"

Wa kwanza hamtishi mtu. Wa pili anafanya kijiji kizima kianze kuhesabu.

HII NDIYO KATIBA MPYA

Mwenyekiti wetu wa taifa wakati huo, Freeman Mbowe, mtoto wa Machame hapo ng'ambo ya mlima, aliwekwa mahabusu mwaka huo wa 2021. Alikamatwa Mwanza usiku wa kuamkia Julai 21, alipokwenda kwenye kongamano la Katiba Mpya. Akaitwa gaidi. Sitaongea mengi, lakini angalieni tarehe: tozo imeanza Julai 15, na anayedai Katiba Mpya amekamatwa ndani ya wiki moja. Sisemi hili limesababisha lile. Nasema yameletwa kwetu mwezi mmoja na yanahusu jambo moja: nani ni mwenye nchi hii.

Watu wananiuliza pale kibandani, "Katiba itanisaidia nini mimi, itanipa unga?" Zamani nilikuwa naanza kuwaeleza habari za tume huru na mihimili mitatu, wanachoka. Siku hizi nawaonyesha meseji ya makato. Nawaambia: unaona huu mstari wa tozo? Katiba Mpya ni ili aliyeuandika aogope kura yako. Wanaelewa hapo hapo.

TUFANYE NINI

Siwaambii mgome kutumia simu, mimi mwenyewe nitakufa njaa. Nawaomba mambo manne tu, na hayahitaji kibali cha polisi.

Moja. Tunza meseji zako za makato. Usifute. Mwisho wa mwezi jumlisha mstari wa tozo peke yake, andika kwenye karatasi. Nimejaribu na wateja wachache waliokubali. Mtu akiona jumla yake mwenyewe kwa mwezi hahitaji hotuba.

Mbili. Nenda ofisi ya kijiji au kata kauliize, kwa maandishi, mkutano mkuu ujao ni lini na mapato na matumizi yatasomwa lini. Andika barua, baki na nakala iliyogongwa muhuri. Kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inawapa siku 30 za kukujibu. Wakikataa kugonga muhuri, nenda na shahidi. Usibishane, usitukane. Ukitukana umewapa sababu.

Tatu. Siku ya mkutano usiende peke yako kama nilivyofanya mimi. Nenda na mama yako, na babu, na hata yule rafiki yako wa CCM. Naye anakatwa. Simu haiulizi kadi ya chama. Mimi nina wateja wanaovaa kijani kila siku ya sherehe na wananung'unika tozo kuliko sisi.

Nne. Taarifa ikisomwa, ipige picha. Iweke kwenye magrupu ya familia, ya wanakijiji walioko Dar, Arusha, Mwanza. Wanarombo walioko nje ndio wanaotuma hiyo hela na ndio waliokuwa wanakatwa kwanza. Desemba wanarudi wote nyumbani. Fikirieni Krismasi ambayo kila mtu anayeshuka kwenye basi anajua kijiji chake kimeingiza shilingi ngapi na zimekwenda wapi. Mazungumzo kwenye mbege yatakuwa tofauti mwaka huu.

Mimi nimeshaandika barua yangu. Imegongwa muhuri, nakala iko kwenye droo na daftari la miamala. Siku 30 zinahesabika.

Yule bibi amerudi jana. Nilimwambia kwamba nimeuliza, bado sijajibiwa. Akasema, "Haya. Wakikujibu uniite, nami nije nisikie." Nikamwambia, bibi, siku ya mkutano nitakufuata na pikipiki mwenyewe, na hiyo nauli sikukati.

Sasa kama mwanamke wa miaka sabini na kitu yuko tayari kushuka kutoka Shimbi kuja kusikiliza mahesabu, wewe kamanda wa miaka 23 mwenye simu janja na bando la wiki, kisingizio chako ni kipi?

Nguvu ya umma!